Mapinduzi Yalipowafukuza Walimu

Machi 20 na 21 mwaka 1984, walimu wa nchi ambayo wakati huo bado iliitwa Haute-Volta waligoma. Hawakuwa wakidai nyongeza ya mshahara. Viongozi wa chama chao, SNEAHV, walikuwa wamekamatwa siku chache nyuma yake, na wenzao wakaona kwamba wakinyamaza leo, kesho zamu itakuwa yao. Walisusa kazi siku mbili, kisha wakawa tayari kurudi darasani. Hawakurudi. Serikali ya mapinduzi, iliyokuwa na umri wa miezi saba tu, iliwafukuza kazi zaidi ya 1,300 kati yao.

Idadi hiyo ipime kwa hali ya nchi yenyewe. Watoto waliokuwa shuleni hawakufika hata robo ya wale waliopaswa kuwa shuleni. Vijiji vingi havikuwa vimewahi kuona ubao wa darasa. Mwalimu aliyesomea kazi yake alikuwa mtu adimu, na sasa zaidi ya elfu moja wameondolewa kwa mkupuo mmoja, na serikali ambayo kila siku ilikuwa ikiapa kuutokomeza ujinga.

Nasimulia kisa hiki kwa moyo mzito, kwa sababu aliyeongoza serikali ile ni mtu ninayempenda. Kapteni Thomas Sankara yumo kwenye fulana za vijana wetu na kwenye vioo vya nyuma vya bajaji na daladala. Hotuba zake zinazunguka kwenye simu zetu kila mwaka ukifika mwezi wa Oktoba. Wengi wetu tukiulizwa ni kiongozi gani wa Afrika alikuwa msafi, jina lake halichelewi kututoka mdomoni. Hapo ndipo penye hatari. Kosa la mtu mbaya tunaliona mapema na kulikimbia. Kosa la mtu mwema, lililofanywa kwa nia njema, ndilo litakalotunasa mimi na wewe siku tukikabidhiwa wizara, kamati ya maji au hata shule moja ya kuongoza.

Tumtendee haki kwanza. Nchi aliyoipokea Agosti 4, 1983, akiwa na umri wa miaka 33, ilikuwa imechoshwa na serikali zinazopinduana. Maurice Yaméogo aliondolewa Januari 1966, Sangoulé Lamizana akapinduliwa Novemba 1980, Saye Zerbo akapinduliwa Novemba 1982. Kila aliyeingia aliahidi kusafisha, na kila aliyetoka aliacha hazina tupu na watumishi wa mjini wakila sehemu kubwa ya bajeti ya nchi ya wakulima. Sankara mwenyewe alikuwa Waziri Mkuu kwa miezi michache mwaka 1983, akakamatwa Mei 17, na akarudi pale tu rafiki yake Blaise Compaoré alipoingia Ouagadougou na makomando wa kambi ya Pô.

Aliyoyafanya baada ya hapo yanajulikana, nami sitayarefusha. Magari ya Mercedes ya serikali yaliuzwa, mawaziri wakapanda Renault 5. Kodi ya kichwa ilifutwa. Mwaka 1984 nchi ikapewa jina jipya, Burkina Faso, na Septemba mwaka huohuo ikatengwa siku ya wanaume kwenda sokoni na kikapu ili waonje kazi ya wake zao. Machifu wakanyang'anywa haki ya kuwatoza watu na kuwafanyisha kazi bure, na umeme kwenye ikulu ya Mogho Naba, mfalme wa Wamossi, ukakatwa kwa sababu bili haikulipwa. Kwa nchi iliyozoea kuona wakubwa hawaguswi, hayo yalikuwa maajabu.

Lakini tazama kampeni ya chanjo, maana ndani yake kuna fahari yote ya mapinduzi yale na mwanzo wa kosa lao. Kuanzia Novemba 25, 1984, kwa muda wa wiki mbili hivi, watoto wapatao milioni 2.5 walichanjwa dhidi ya surua, homa ya uti wa mgongo na homa ya manjano. Wafadhili walikuwa wameshauri mwendo wa polepole, wakaona aibu. Akina mama walitembea na watoto mgongoni hadi vituoni, vijana wa kamati za mapinduzi wakapanga foleni, na kila gari lililokuwepo likabeba chanjo. Sijui kama kuna serikali nyingine maskini kiasi kile iliyofanya kazi kubwa kiasi kile kwa muda mfupi kiasi kile.

Sasa mfikirie mtoto aliyezaliwa Januari 1985. Operesheni imekwisha, mabango yameteremshwa, magari yamerudi kwenye idara zake. Mtoto huyu anahitaji muuguzi aliyekaa kituoni Jumanne ya kawaida isiyo na ngoma wala hotuba, jokofu linalofanya kazi, na daftari ambalo ndani yake mtu ameandika jina lake na tarehe ya kurudi. Anamhitaji pia mtu wa wilayani atakayepiga kelele mafuta ya taa ya jokofu yakikosekana. Operesheni huletwa na ari. Yale mengine huletwa na watu waliozoea kazi yao, wanaolindwa na kanuni, na wanaoweza kumwambia mkubwa wao kwamba hapa panavuja. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na waundaji wa vyombo vya nchi ni watu wa namna hiyo.

Ndiyo maana kisa cha walimu kinaniuma kuliko vingine. Serikali haikuwa na wazimu. Ilikuwa na sababu za kukishuku chama kile: kilikuwa karibu na chama cha siasa cha Joseph Ki-Zerbo, mwanahistoria mkubwa tunayemfahamu kwa kazi yake ya kuhariri juzuu la kwanza la Historia ya Jumla ya Afrika ya UNESCO, na ambaye hakuafiki mapinduzi. Chama hicho pia kiliwahi kuushangilia utawala wa Zerbo ulipoingia. Tena vyama vya wafanyakazi wa nchi ile havikuwa vitu vya kuchezea, kwani maandamano yao ndiyo yaliyomng'oa Yaméogo mwaka 1966. Mwanamapinduzi mwenye bunduki na hofu, akisikia walimu wamegoma, hasikii walimu. Anasikia njama.

Basi nafasi zao zikajazwa haraka na vijana waliopewa mafunzo ya siku chache, ambao sifa yao kubwa ilikuwa moyo wa mapinduzi. Ingia darasani pamoja na kijana huyo. Ana watoto wengi kuliko madawati. Hajui afanye nini na yule wa nyuma anayegeuza herufi, wala lini aache kuimbisha na kuanza kusomesha. Mwalimu wa zamani alijua, kwa sababu alikosea miaka mitatu kabla ya kupatia. Ujuzi huo haumo kwenye agizo lolote la serikali, na ukiufukuza hautoki na barua ya kuachishwa kazi ili uje uupokee tena mlangoni. Unaondoka na mwenyewe, unakwenda kulima mtama au unavuka mpaka kwenda Ivory Coast.

Wasomaji wa Tanzania wenye umri wa kutosha hawahitaji kusimuliwa sana. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 tulitaka kila mtoto aingie shuleni mara moja, tukawachukua waliomaliza darasa la saba tukawafundisha kufundisha huku wakifundisha, na jina la "mwalimu wa UPE" likabaki kuwa kejeli mitaani kwa miaka mingi, mara nyingi bila haki kwa waliojitoa kwa moyo. Mwaka 1972 tulivunja serikali za mitaa, mwaka 1976 tukavunja vyama vikuu vya ushirika, kwa nia njema kabisa ya kuwafikishia wananchi maendeleo upesi. Miaka kumi haikupita sana tukawa tunavirudisha. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri hadharani kwamba kuvunja vitu hivyo viwili lilikuwa kosa. Kwa hiyo nisije nikaonekana nawanyooshea kidole Waburkinabe. Na sisi tumo.

Dalili ya kwanza ya kosa la Sankara, kwa maoni yangu, ilionekana hata kabla ya walimu kufukuzwa, na wengi waliipigia makofi. Januari 1984 zilianza kazi Mahakama za Mapinduzi za Wananchi. Wakubwa wa zamani, marais na mawaziri, walipandishwa kizimbani kueleza fedha za umma zilikwenda wapi. Kesi zilitangazwa redioni, na watu wakazisikiliza kama wanavyosikiliza mpira. Mkulima wa kijijini kwa mara ya kwanza alimsikia waziri akitafuta maneno. Nakiri hilo lilikuwa somo zuri la uraia. Zaidi ya hayo, mahakama zile hazikuwa za kuhukumu tu: Jenerali Lamizana, aliyetawala miaka 14, alisikilizwa na akaachiwa huru.

Ila hapakuwa na mawakili. Mshtakiwa alisimama peke yake mbele ya jopo la hakimu, wanajeshi na wajumbe wa kamati za mapinduzi, akajieleza. Wakili alihesabiwa kuwa ujanja wa kitajiri wa kuficha wezi. Umati ulipokuwa ukimcheka waziri mnene aliyebabaika, nani angejali? Mtu anayezomewa akiwa mwizi kweli, kukosa wakili kunaonekana haki. Tatizo ni kwamba kiti cha mshtakiwa hakikuandikwa jina la wezi. Kilibaki palepale kikimngoja atakayefuata, na haikupita muda wakaanza kufika watu ambao kosa lao lilikuwa kutokubaliana na serikali. Ki-Zerbo alihukumiwa bila kuwepo, akiwa uhamishoni, na maktaba yake yenye maelfu ya vitabu ikaporwa. Taifa lenye uhaba wa vitabu likapoteza moja ya maktaba bora za Afrika Magharibi kwa sababu mwenyewe alikuwa mpinzani.

Juni 1984, watu saba walipigwa risasi kwa tuhuma za kupanga kuipindua serikali. Huenda njama ilikuwepo. Nchi ile haikukosa njama. Lakini serikali iliyokwisha kuzoea kesi zisizo na mtetezi ilikuwa imejinyima njia ya kuwaridhisha hata marafiki zake kwamba wale saba walistahili kufa.

Kisha kuna kamati. Ukitaka kuzielewa Kamati za Kutetea Mapinduzi, zilizojulikana kwa kifupi CDR, chukua ubalozi wetu wa nyumba kumi, uuunganishe na sungusungu, uwape vijana bunduki, kisha uwaambie kwamba wao ndio mapinduzi. Zilikuwepo mitaani, vijijini, kambini, viwandani na maofisini. Zilifanya mema mengi. Zilijenga shule na zahanati, zilichimba visima, zilihamasisha watu kwenda kutandika reli kwa mikono kutoka Ouagadougou kuelekea Kaya, kazi iliyoanza Februari 1985 baada ya wafadhili kukataa kuigharamia. Mtu akikuambia CDR zilikuwa genge la wahuni tu, hajui habari.

Lakini ofisini kamati ilikaa pembeni ya mkurugenzi, na karani kijana mwenye ulimi mkali aliweza kumtisha mhasibu mwenye uzoefu wa miaka ishirini. Ukimkosoa, umempinga nani? Siyo yeye, ni mapinduzi. Mkurugenzi mwenye busara alijifunza kunyamaza, na asiye na busara alipata kibali cha kuficha uvivu wake nyuma ya kaulimbiu. Mitaani usiku, wapo waliochukua doria kuwa nafasi ya kupora. Sisemi haya kwa kuwasikiliza maadui wa Sankara. Aliyasema yeye mwenyewe, mbele ya wajumbe wa CDR wenyewe, kwenye mkutano wao mkuu wa kwanza wa kitaifa mwaka 1986. Aliwakemea kwa lugha ambayo ingetoka kwa mtu mwingine angekamatwa.

Naomba tutulie hapo kidogo. Kiongozi ameiona dalili. Ameitaja kwa jina. Kwa nini haikutosha?

Kwa sababu karipio la kiongozi haliwezi kufanya kazi ya taasisi. Mwanamke aliyeporwa na doria huko Bobo-Dioulasso hakuhitaji Rais akasirike Ouagadougou. Alihitaji kituo cha polisi ambacho kingepokea malalamiko dhidi ya CDR bila kuogopa, hakimu ambaye angeyasikiliza, mwandishi ambaye angeyaandika. Vyote hivyo vilikuwa vimedhoofishwa, ama kwa kufukuza watu wake, ama kwa kuwawekea kamati shingoni. Kila kitu kilikuwa kikimngoja mtu mmoja mwema agundue, akasirike na aamue. Naye alikuwa na saa 24 kama sisi.

Tena watu walioweza kumfikishia habari mapema walikuwa wakipungua mmoja mmoja. Soumane Touré, kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, alikuwa amesakwa na utawala wa Zerbo, na wanaharakati wa upande wake walikuwa miongoni mwa waliotengeneza njia ya Agosti 1983. Lakini mwaka 1984 chama chao, LIPAD, kilitoka serikalini. Mapema mwaka 1985 vyama kadhaa vya wafanyakazi vilitoa tamko la pamoja kulalamikia kubanwa kwa haki zao, na Touré akawekwa ndani. Alitoka mwaka 1986, akakamatwa tena mwaka 1987. Safari hii ya pili baadhi ya kamati zilitaka auawe. Sankara alikataa.

Sifa ya kukataa ni yake, na tusimnyime. Lakini ona tulipofika: maisha ya kiongozi wa wafanyakazi yamekuwa yakitegemea huruma ya mtu mmoja kwenye meza moja, na wanaopiga kelele auawe ni wanachama wa chombo alichokiunda mtu huyohuyo.

Kuna jambo jingine lisilozungumzwa sana. Kila mwaka ulipofika Agosti, baraza la mawaziri lilivunjwa na mawaziri wakapelekwa kufanya kazi mashambani na kwenye miradi, kisha likaundwa upya. Ilipendeza. Ilimkumbusha mkubwa kwamba cheo ni dhamana. Hata hivyo, waziri ambaye kila mwaka hajui kama atarudi hawezi kupanga mtaala wa miaka sita, na katibu wake hawezi kumwambia "hapana" mtu ambaye naye hana uhakika wa kesho. Huku chini, watumishi waliishi na hofu ya kusimamishwa au kuachishwa. Mishahara ilikatwa kuchangia miradi, kodi za nyumba zikafutwa kwa mwaka mzima wa 1985 na mwenye nyumba ya vyumba viwili aliyeisubiri kodi ile kulisha wajukuu akaachwa hivihivi. Kila uamuzi ukiutazama peke yake una hoja yake. Ukiyajumlisha yote, mjini hapakubaki kundi ambalo halikuwa na kovu.

Walioliona hilo walikuwemo hata ndani ya serikali. Mwaka 1987 lugha ilianza kulegea. Baadhi ya walimu na watumishi waliofukuzwa wakaanza kurudishwa. Oktoba 2, 1987, Bobo-Dioulasso, kwenye kumbukumbu ya miaka minne ya hotuba iliyotoa dira ya mapinduzi, Sankara aliomba watu wapumue. Alisema mapinduzi yanahitaji kutulia, kusahihisha, kuwavuta wale waliosukumwa pembeni, na kwamba ni heri kwenda taratibu pamoja na watu kuliko kwenda mbali bila wao.

Ilikuwa Ijumaa. Alhamisi ya wiki ya pili yake, Oktoba 15, siku iliyotengwa kwa mazoezi ya viungo ya watumishi wote, Sankara alikuwa kwenye kikao na wasaidizi wake katika majengo ya Conseil de l'Entente, amevaa nguo za michezo. Askari waliingia wakawamiminia risasi. Alikufa yeye na wenzake kumi na wawili. Jioni hiyo rafiki yake Compaoré akawa mtawala, na akakaa miaka 27.

Simaanishi kwamba Sankara aliuawa kwa sababu aliwafukuza walimu. Waliomuua walikuwa na tamaa zao, na wapo wanaoamini walikuwa na marafiki nje ya mipaka. Ninachouliza ni kingine: baada ya risasi zile, nani angeweza kusema hapana? Kikosi cha Koudougou kilijaribu, kikavunjwa. Wananchi walikwenda makaburini Dagnoën kumlilia na kuacha vijikaratasi vya kumuaga. Vyama vya wafanyakazi, ambavyo mwaka 1966 vilimwondoa rais kwa miguu yao, viongozi wao walikuwa wametoka jela juzi au walikuwa bado ndani, na hawakuwa na sababu ya kuingia barabarani kwa ajili ya serikali iliyowafunga. Walimu waliofukuzwa ambao walikuwa bado nje walirudishwa na Compaoré. Fikiria lilivyo jambo hilo: muuaji alijipatia sifa ya huruma kwa bei nafuu kabisa, kwa kusahihisha tu yale ambayo marehemu alikuwa ameyachelewesha. Waswahili wa pwani wanasema mchama ago hanyele, huenda akauya papo.

Likaja suala la mahakama. Januari 1988 familia ilipata hati ya kifo cha Sankara. Ilisema alikufa kifo cha kawaida. Mtu aliyepasuliwa kwa risasi mchana kweupe, katikati ya mji mkuu, pamoja na watu kumi na wawili! Karatasi ile ilitoka kwenye ofisi ya serikali, na mtumishi akaisaini.

Mwaka 1997, muda wa kushtaki ukikaribia kwisha, mjane wake Mariam alifungua kesi. Alihitaji mawakili. Alihitaji hakimu asiyemwogopa mwenye ikulu. Mawakili alipata, mahakama za kiraia zikasema hazina mamlaka na jambo la jeshi, na aliyepaswa kulipeleka kwenye mahakama ya jeshi hakulipeleka. Mwaka 2006 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikasema familia ilinyimwa haki yake. Bado milango ikabaki imefungwa, hadi wananchi walipomfukuza Compaoré Oktoba 2014. Kesi ilianza Oktoba 2021. Aprili 6, 2022, mahakama ya kijeshi ya Ouagadougou ilimhukumu Compaoré kifungo cha maisha akiwa hayupo, na wengine pamoja naye. Ilichukua karibu miaka 35 kwa nchi kupata chumba ambamo mauaji ya rais wake yangeweza kusikilizwa, upande wa mashtaka na upande wa utetezi, mawakili wakibishana kwa sheria. Ni chumba cha namna ileile ambacho mwaka 1984 kilionekana anasa.

Ndugu zangu, hasa ninyi vijana mnaosambaza hotuba hizi, endeleeni kuzisambaza. Lakini mkiwa na chama, ushirika au kikundi chenu cha kuweka na kukopa, angalieni siku mwekahazina anapouliza maswali mnamwitaje. Mkianza kumwita msaliti kabla hamjajibu swali lake, mko Machi 1984. Mkipata kiongozi safi, ndio wakati wa kumwekea mipaka, maana yeye atakubali, mchafu hatakubali. Na sisi tunaoandika, tunaopenda kushangilia mkubwa akidhalilishwa hadharani bila mtetezi, tujiulize tunakitengenezea nani kile kiti. Najijua, nami makofi huwa yananitoka kabla ya kufikiri.

Haya hayajawa historia. Septemba 2022, karibu miezi sita baada ya hukumu ile, Kapteni Ibrahim Traoré aliingia madarakani Ouagadougou, kijana wa miaka 34, akiwa na kofia nyekundu na maneno yanayowakumbusha watu Sankara. Vita dhidi ya makundi yenye silaha ni vikali, watu wengi wamekimbia vijiji vyao, na serikali inasema kila raia anaweza kuitwa kuilinda nchi. Agosti 2024 wito huo uliwafikia mahakimu na waendesha mashtaka kadhaa: waliamriwa kwenda kwenye operesheni za kijeshi. Miongoni mwao walikuwemo waliokuwa wakishughulikia mafaili yanayowagusa wafuasi wa serikali.